Uliza walipinga muswada gani

Septemba 2019 Amazon ilitangaza kwamba ifikapo mwaka 2040 shughuli zake zote hazitakuwa zinaongeza hewa ukaa angani. Chochote itakachozalisha itakifidia, hesabu itoke sifuri. Miaka minne baadaye, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, wabunge walileta muswada uliotaka vituo vikubwa vya data vya jimbo hilo, yaani majengo yaliyojaa kompyuta zinazoendesha huduma za mtandaoni, vipunguze hatua kwa hatua hewa ukaa inayotokana na umeme wake, hadi vifike kwenye umeme safi kabisa mwaka 2040. Mwaka ni uleule. Amazon, ambayo ina vituo vingi mashariki mwa jimbo hilo, ikafanya kazi ya kuuzuia. Hoja yake ilikuwa kwamba muswada haukugusia ujenzi wa miundombinu ya umeme inayohitajika ili nishati safi zaidi iingie kwenye gridi. Muswada ukafa.

Hoja ile haikuwa ya kipuuzi. Njia za umeme kweli ni kikwazo, na miradi mingi ya upepo na jua imekaa foleni miaka kwa sababu haina pa kuunganishwa. Lakini anayeamini ahadi yake mwenyewe angeomba muswada uongezewe kifungu cha njia za umeme. Asingeomba uzikwe.

Tangu nianze kufuatilia mambo haya nimefikia msimamo mmoja ambao sioni dalili ya kuuacha: kampuni ya teknolojia haipimwi kwa ahadi yake ya mazingira, inapimwa kwa sheria inazosaidia kuzipitisha na zile inazosaidia kuziua. Ahadi inaweza kusogezwa mbele, kuandikwa upya, au kuondolewa kwenye tovuti usiku bila mtu kugundua. Sheria ina tarehe, ina faini, na ina mtu mwenye mamlaka ya kuja kukuuliza.

Kila mwaka kampuni hizi hutoa ripoti za mazingira, nami huzisoma, hasa majedwali ya kurasa za mwisho. Sizidharau hata kidogo. Namba nyingi tunazozijua leo tumezipata humo. Ripoti ya Google ya mwaka 2024 ndiyo iliyotuambia kwamba hewa ukaa yake ilifika tani milioni 14.3 mwaka 2023, ongezeko la asilimia 48 tangu 2019, ilhali lengo lake ni kufika sifuri mwaka 2030. Microsoft, iliyoahidi Januari 2020 kwamba ifikapo 2030 itakuwa inaondoa hewa ukaa nyingi kuliko inayozalisha, iliandika mwaka 2024 kwamba imepanda kwa asilimia 29.1 tangu 2020. Sababu walizitaja wenyewe: vituo vipya vya data, saruji na chuma vya kuvijengea, chipu na seva za kuvijaza. Akili mnemba imekuja na njaa yake. Kutoa namba zinazokuumbua ni jambo la heshima, na nawapa heshima hiyo. Kinachokosekana kwenye ripoti zote hizo ni ukurasa unaosema: mwaka huu tuliwaomba watunga sheria hiki, tukapinga kile, na fedha tulizotumia ni hizi.

Wapo wanaosema sheria hazihitajiki kwa kuwa teknolojia hujirekebisha yenyewe, na wana ushahidi mzuri wa kuonyesha. Kati ya 2010 na 2018 kazi iliyofanywa na vituo vya data duniani iliongezeka kwa takriban asilimia 550, lakini umeme uliotumika uliongezeka kwa kama asilimia 6 tu. Ni mafanikio makubwa ya uhandisi. Seva zilizokuwa zimetawanyika kwenye vyumba vya ofisi, zikiwaka usiku kucha bila kazi, zilihamia kwenye majengo makubwa yenye upozaji mzuri. Seva moja ikafundishwa kubeba kazi za seva kadhaa. Hakuna aliyewalazimisha. Umeme ni gharama, na kila uniti iliyookolewa ilibaki mfukoni mwao.

Hapo ndipo pa kuangalia. Ufanisi ule ulikuja kwa sababu maslahi ya kampuni na maslahi ya mazingira yalikuwa yanaelekea upande mmoja. Siku hizi hayaelekei tena. Mashindano ya akili mnemba yamefanya kasi ya kujenga iwe na thamani kuliko bili ya umeme. Shirika la Kimataifa la Nishati linakadiria kwamba vituo vya data vilitumia saa za terawati 415 mwaka 2024, kama asilimia 1.5 ya umeme wote duniani, na kwamba mwaka 2030 vitafika karibu 945, zaidi kidogo ya umeme wote unaotumiwa na Japani leo.

Asilimia 1.5 inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba vituo hivi havijatawanywa sawasawa duniani. Vinajazana mahali pamoja. Nchini Ayalandi vilitumia asilimia 5 ya umeme wa nchi mwaka 2015. Mwaka 2023 vikafika asilimia 21, vikizipita nyumba zote za mijini zikijumlishwa, ambazo zilitumia asilimia 18. Msimamizi wa gridi ya nchi hiyo, EirGrid, ikabidi afunge mlango wa maunganisho mapya kuzunguka Dublin hadi mwaka 2028. Ikifika hapo, suala la nani apate umeme na nani asubiri limeshatoka mikononi mwa wahandisi. Ni siasa, na ni haki iwe siasa, kwa sababu wanaoathirika ni raia.

Sasa nije kwenye swali ninalolipenda kuliko yote, ingawa najua linachosha wengi: saa nane usiku, kituo cha data kinatumia umeme wa nini?

Ukifungua ripoti utasoma kwamba kampuni inatumia nishati jadidifu kwa asilimia 100. Wengi wetu tukisoma hivyo tunapata picha ya nyaya zinazotoka moja kwa moja kwenye paneli za jua kuingia kwenye jengo. Sivyo. Kila saa ya megawati inayozalishwa na mtambo wa upepo au jua hutolewa cheti, na cheti hicho huuzwa, mara nyingine kikiwa kimetenganishwa kabisa na umeme wenyewe. Mwisho wa mwaka kampuni hujumlisha: tumetumia saa za megawati milioni moja, tumenunua vyeti milioni moja, kwa hiyo umeme wetu hauna hewa ukaa. Umeme wa jua ulizalishwa mchana, pengine jimbo jingine kabisa. Mashine ziliendeshwa usiku kwa gesi au makaa ya mawe. Ni sawa na mtu anayemlipa jirani afunge saumu kwa niaba yake, kisha akahesabu kwamba amefunga.

Wala hakuna kosa la kisheria hapo. Kanuni zinaruhusu. Mwongozo unaotumiwa karibu dunia nzima kuhesabu hewa ukaa ya makampuni, uitwao Greenhouse Gas Protocol, ulifafanua mwaka 2015 kwamba hewa ukaa ya umeme ihesabiwe kwa njia mbili: moja kwa gridi halisi unayoitumia, nyingine kwa mikataba na vyeti ulivyonunua. Zote mbili zitajwe. Ila kanuni haikusema ipi iende ukurasa wa mbele, nawe unaweza kukisia ni ipi huwekwa huko. Namba ya gridi halisi utaikuta mwishoni kabisa, kwenye jedwali lenye herufi ndogo.

Tofauti kati ya hesabu hizi si ndogo. Google ilianza mwaka 2017 kununua nishati jadidifu ya kutosha kufidia umeme wake wote wa mwaka, yaani asilimia 100. Kisha ikaamua kujipima kwa saa: kila saa, kwenye kila gridi, ni kiasi gani cha umeme wake kilikuwa safi kweli? Kwa mwaka 2023 jibu lilikuwa asilimia 64. Kampuni ni ileile na umeme ni uleule, lakini kipimo kimoja kinasema asilimia 100 na kingine kinasema 64. Nadhani kuchapisha namba hiyo ya pili ni miongoni mwa mambo ya maana zaidi ambayo kampuni ya teknolojia imeyafanyia mazingira, kwa sababu iliwaonyesha watu wote kwamba lipo pengo, na pengo linajulikana ukubwa wake.

Oktoba 2025 waandishi wa mwongozo ule walifungua maoni ya umma kuhusu kanuni mpya: umeme safi uhesabiwe kwa saa, na utoke kwenye gridi ambayo kweli inaweza kukufikia. Google imekuwa upande wa kipimo cha saa. Amazon na Meta wamo kwenye kundi jingine, lililoundwa 2022, linalosema la muhimu ni hewa ukaa kiasi gani inazuiliwa. Mtambo wa jua, wanasema, ujengwe mahali penye makaa ya mawe mengi hata kama ni mbali na seva zako, kwani huko ndiko utakakookoa zaidi. Hoja hii nimeitafakari sana, na ina uzito. Paneli moja kwenye gridi ya makaa ya mawe inazuia moshi mwingi kuliko paneli ileile kwenye gridi ambayo tayari ina jua la kumwaga. Lakini hewa ukaa unayodai kuizuia mahali pengine ni makadirio, na umeme unaoutumia usiku wa leo unapimwa na mita. Kama wanataka kusifiwa kwa hewa waliyoizuia mbali, waiandike kwenye mstari wake. Isitumike kufuta mstari wa mita.

Utasema huu ni ubishi wa wahasibu. Mwaka 2023 California ilitunga sheria, SB 253, inayozitaka kampuni zenye mapato yanayozidi dola bilioni moja kutangaza hewa ukaa yao, na kipimo kilichowekwa ndani ya sheria ni mwongozo huohuo. Kanuni iliyoandikwa na wataalamu mezani imekuwa sheria ya jimbo ambalo uchumi wake unazizidi nchi nyingi. Ndiyo maana kampuni zinapeleka watu wake kwenye kamati hizo za kiufundi ambazo hakuna mwandishi wa habari anayehudhuria. Apple na Microsoft ziliunga mkono SB 253 hadharani, na ilisaidia. Januari 2024 Chama cha Wafanyabiashara cha Marekani kikaenda mahakamani kuipinga. Chama hicho kinaendeshwa kwa ada za wanachama, na wamo wanaoandika ripoti nzuri za mazingira kila mwaka. Kampuni inaweza kutabasamu kwa jina lake na kung'ata kwa jina la chama.

Kabla ya kubishania kipimo, lakini, kuna jambo la awali zaidi: umma kuruhusiwa kuona namba yenyewe. Mji wa The Dalles, huohuo Oregon, una watu wapatao 16,000 na umekuwa na kituo cha data cha Google tangu 2006. Mwaka 2021 gazeti la The Oregonian liliuliza swali la kawaida kabisa: kituo kile kinatumia maji kiasi gani? Mji ukakataa kujibu, ukisema ni siri ya kibiashara. Mwanasheria wa serikali wa kaunti akaamuru takwimu zitolewe. Mji ukalishtaki gazeti ili zisitolewe, huku Google ikigharamia mawakili wa mji. Kesi ilivutwa zaidi ya mwaka mzima. Desemba 2022 pande zikapatana na namba ikatoka: galoni milioni 355 mwaka 2021, zaidi ya robo ya maji yote ya mji, karibu mara tatu ya kiasi cha mwaka 2017.

Nikikisoma kisa hiki huwa nakwama palepale. Halmashauri ya mji, iliyochaguliwa na wakazi, inayosimamia maji ya wakazi, ilikwenda mahakamani ili wakazi wasijue maji yao yanakwenda wapi. Wala sidhani wale madiwani walikuwa watu wabaya. Walikuwa na mlipa kodi mmoja mkubwa na makubaliano ya usiri waliyoyasaini. Ukiisaini karatasi ile umeshaamua utamtumikia nani siku swali litakapoulizwa. Naona makubaliano ya namna hii kati ya serikali za mitaa na wawekezaji yapigwe marufuku kwa kila kinachohusu maji, umeme na kodi. Bei ya chipu, michoro ya seva, majina ya wateja, hizo ni siri halali za biashara. Maji ya mto hayajawahi kuwa siri ya mtu.

Namba ikitoka, mambo hubadilika. Uruguay, mwaka 2023, wakati Montevideo ikiwa katika ukame mkali, mtafiti mmoja ilibidi aende mahakamani ndipo wizara ya mazingira itoe takwimu za mradi wa kituo cha data cha Google: lita milioni 7.6 kwa siku za kupozea mitambo. Baada ya kelele zilizofuata, mradi ulibadilishwa ukawa mdogo zaidi na wa kupozwa kwa hewa. Upozaji wa hewa nao una gharama yake, maana mara nyingi hula umeme zaidi kuliko ule wa kuvukiza maji. Hakuna njia isiyo na bei. Lakini nchi yenye ukame ina haki ya kuamua italipa kwa maji au kwa umeme, na haiwezi kuamua ikiwa namba imefungiwa kabatini. Umoja wa Ulaya umejaribu kulitatua hili kwa sheria: tangu 2024 vituo vya data vyenye mahitaji ya kilowati 500 na zaidi vinatakiwa kuripoti matumizi yao ya umeme na maji. Hatua nzuri, ila takwimu za kituo kimojakimoja hubaki siri. Umma huona jumla tu. Anayeishi jirani na kituo hana la kufanya na jumla.

Nihame kwenye majengo, nije kwenye kitu ulichokishika mkononi sasa hivi.

Nimefungua simu nyingi. Unaanza kwa kupasha joto kingo za kioo mpaka gundi ilegee, unapenyeza kijiti chembamba cha plastiki, unakisogeza taratibu kuzunguka, ukiomba usiguse waya bapa unaopita karibu na kona. Kioo kikifunguka unakutana na betri iliyobandikwa kwa gundi nyingine. Ukiivuta kwa nguvu inapinda, na betri ya lithiamu iliyopinda inaweza kuwaka moto. Ukivuka hapo salama, unafunga kioo ulichokitoa kwenye simu nyingine, modeli ileile, kiwanda kilekile. Unawasha. Ujumbe unatokea kwamba kifaa hakitambuliki, na sehemu fulani ya simu inaacha kufanya kazi. Kipuri ni halisi. Programu inakikataa kwa sababu namba yake haijaoanishwa na simu hii, na mwenye uwezo wa kuoanisha ni mtengenezaji peke yake. Nimewahi kumrudishia mteja simu nzima, inayowaka vizuri, ikiwa na onyo hilo ambalo sikuwa na namna ya kuliondoa, na nikalazimika kumweleza kwamba simu yake haina ubovu wowote.

Hili lina uhusiano wa moja kwa moja na hali ya hewa. Sehemu kubwa ya hewa ukaa ya simu haitokani na kuichaji. Apple katika ripoti za simu zake kadhaa imeandika kwamba takriban asilimia 80 hutokana na utengenezaji: uchimbaji wa madini, viwanda vya chipu, uunganishaji. Simu ikifika dukani madhara yake makubwa yameshatokea. Njia ya kweli ya kupunguza ni kuitumia muda mrefu zaidi, na kuitumia muda mrefu kunahitaji fundi aruhusiwe kuigusa. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu rasmi hazikufika robo.

Kwenye miswada, historia ni hii. New York ilipitisha sheria ya haki ya kutengeneza, yaani haki ya mwenye kifaa na fundi kukikarabati wenyewe, mwaka 2022 kwa kura nyingi mno. Kabla gavana hajaisaini Desemba, vyama vya kampuni za teknolojia vilishaifikia ofisi yake, na sheria iliyotoka ilikuwa imepunguzwa makali, ikiviacha nje vifaa vyote vya kabla ya Julai 2023. Agosti 2023 Apple, baada ya miaka ya kupinga sheria za namna hii, iliunga mkono ile ya California. Nilifurahi kwa dhati. Miezi michache baadaye, Oregon ilipoleta muswada wa kupiga marufuku hasa huu mtindo wa kuoanisha vipuri, Apple ilituma mtu kutoa ushahidi wa kuupinga. Muswada ulipita, gavana akausaini Machi 2024. Ulaya nayo, tangu Juni 2025, inataka simu mpya ziwe na vipuri vinavyopatikana kwa miaka 7 baada ya modeli kuacha kuuzwa.

Kisa cha chaja ndicho kinachoonyesha vizuri zaidi ahadi hufika wapi na sheria huanzia wapi. Mwaka 2009 Tume ya Ulaya iliwaomba watengenezaji wa simu wakubaliane kwa hiari kutumia chaja ya aina moja. Wakasaini. Aina za chaja zikapungua kutoka 30 hadi 3, jambo kubwa, na hapo zikaganda. Makubaliano yaliruhusu kiunganishi cha ziada, na Apple ikabaki na tundu lake. Miaka ikapita katika mazungumzo. Apple ikaonya kwamba kulazimisha aina moja kutaua ubunifu. Oktoba 2022 Bunge la Ulaya likapiga kura 602 dhidi ya 13: tundu ni la USB-C, mwisho wa mjadala ni tarehe 28 Desemba 2024. Septemba 2023 iPhone mpya ikatoka na USB-C, ikauzwa dunia nzima, na ubunifu haukufa. Hiari ilifanya kazi yake ya kwanza vizuri. Kilichobaki kilihitaji kura.

Nisieleweke vibaya kwamba kampuni hizi zikiingia kwenye siasa huwa ni balaa. Nguvu zao ni kubwa, na zimewahi kutumika vizuri. Mwaka 2009 Apple ilijitoa kwenye kile chama cha wafanyabiashara cha Marekani kwa sababu kilikuwa kinapinga udhibiti wa gesijoto. Mwaka 2013 Google iliikalia kooni kampuni ya umeme ya Duke Energy, North Carolina, mpaka ikaandaa mpango wa kuwauzia wateja wakubwa nishati jadidifu, kitu ambacho hakikuwepo. Mwaka 2014 Eric Schmidt, aliyekuwa mwenyekiti wa Google, alisema redioni kwamba kampuni yake inajitoa kwenye ALEC, jumuiya inayowaandalia wabunge wa majimbo miswada ya mfano, kwa sababu kuhusu mabadiliko ya tabianchi watu wale walikuwa wanadanganya tu. Facebook na Yahoo zikafuata. Basi tunajua kwamba wanaweza. Ndiyo maana inauma kusoma uchambuzi wa InfluenceMap, shirika linalofuatilia ushawishi wa kampuni kwenye sera za tabianchi, kwamba kati ya Julai 2020 na Juni 2021, wastani wa asilimia 6 tu ya ushawishi wa kampuni tano kubwa za teknolojia kwa watunga sheria wa Marekani ulihusu sera za tabianchi. Kodi, ushindani na faragha vilipata nafasi yao kamili.

Mara nyingine msukumo hutoka ndani. Ahadi ya Amazon ya 2040 niliyoanza nayo ilitangazwa Septemba 19, 2019, siku moja kabla ya wafanyakazi wake wengi kuacha kazi kwa siku hiyo wakaandamana. Maelfu yao walikuwa wamesaini barua ya wazi mapema mwaka huo, wakaleta hoja mbele ya wanahisa, ikashindwa kwenye kura. Bado walipata walichopata. Anayefanya kazi kwenye kampuni hizi na anayesoma haya ana uwezo ambao mimi sina: anaweza kuuliza kwenye kikao cha wafanyakazi wote, mbele ya mkurugenzi, orodha ya vyama ambavyo kampuni inavilipia ada, na miswada ambayo vyama hivyo vinaipinga.

Tupo sasa kwenye swali la nani alipe. Kituo kikubwa cha data kinapoomba umeme, kampuni ya umeme hujenga njia na vituo vya kupozea umeme, na gharama huingia kwenye bili za wateja wote. Kama kituo hakijengwi, au kinatumia nusu ya kilichoomba, gharama zilizokwisha tumika hubaki kwa wenye nyumba. Na kuomba ni rahisi. Mwekezaji mmoja anaweza kuomba kwenye majimbo matatu akijua atajenga moja. Kila ombi hewa linaingia kwenye makadirio ya mahitaji, na makadirio ndiyo yanayotumika kutetea mitambo mipya ya gesi.

Julai 2025 tume inayosimamia huduma za umma katika jimbo la Ohio iliamua kwamba vituo vipya vikubwa vya data katika eneo la kampuni ya umeme ya AEP Ohio vilipie angalau asilimia 85 ya umeme vilivyouomba, viutumie visiutumie, kwa muda unaofika miaka 12. Amazon, Google, Meta na Microsoft zilikuwa zimepinga na kupendekeza masharti mengine. Kabla ya uamuzi, maombi yaliyokuwa kwenye foleni yalifika megawati 30,000. Baada ya kila mwombaji kutakiwa kuweka fedha nyuma ya ombi lake, yalibaki megawati 13,000.